Mfungo Niliomfungia Baba

Mwaka ambao baba aliezeka nyumba yetu kwa mabati ndio mwaka nilioacha kula. Nikisema hivyo mbele ya watu wa rika langu wananishangaa, kwa sababu sote tunaikumbuka miaka ile kuwa miaka ya kushiba. Miwa ilikuwa imesogea mpaka nyuma ya jikoni. Kutoka kwetu hadi sokoni Shianda ulitembea katikati ya miwa njia nzima, usimwone jirani ila moshi wa jiko lake. Msimu wa kuchoma mashamba, majivu meusi yalitua juu ya nguo zilizoanikwa, na mama alizikung'uta huku akiimba nyimbo za kanisani, maana majivu yale yalikuwa na habari njema: wakataji wamefika na trekta za kiwanda ziko njiani. Upepo ukitoka upande wa Mumias, kilipo kiwanda cha sukari, ulileta harufu ya molasi hadi ndani ya nyumba. Wageni waliilalamikia. Sisi tuliipenda. Hata sasa nikikutana nayo mahali natamani kuwa na miaka kumi na saba tena, ingawa huo ndio umri ulionitesa kuliko wote.

Baba alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Zamani alilima mtama na mihogo kama babu, kisha akawa miongoni mwa wa kwanza kijijini kupanda miwa. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita "mama." Dada yake mkubwa, shangazi yetu ambaye kwa lugha ya nyumbani tulimwita senje, naye aliniita hivyo hivyo. Nilikua nikiitwa mama na watu wawili wazima, na nadhani hilo lilinifanya niamini mapema kwamba ni kazi yangu kuwatunza.

Nyumba mpya ilikuwa na viti vya sofa ambavyo mama alivifunika vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Kulikuwa na redio. Kulikuwa na sukari kwenye debe, si ya kupimwa kwa kijiko tena, na chai ya maziwa asubuhi na alasiri. Ingokho, yaani kuku, hakungoja mgeni. Mimi nilipelekwa shule ya bweni ya wasichana, nikavaa viatu vyeusi vya ngozi, na nilipokuja likizo wadogo zangu walivigusa kwanza kabla ya kunisalimia.

Lakini fedha ya miwa ilikuja na kitu kingine. Kila baada ya malipo baba alipotea siku mbili, akarudi Jumapili alasiri, saa ile watu wanatoka kanisani, akiimba barabarani kwa sauti ambayo hakuwa nayo siku nyingine. Hakumpiga mtu. Alikaa tu kwenye sofa, akalia, akaomba msamaha, akalala hapo hapo na viatu vyake. Mama alimvua viatu. Nilikuwa namtazama mama akifungua zile kamba, uso ameuinamisha, na nilitamani ardhi inimeze.

Shuleni nilijiunga na kikundi cha maombi. Msichana wa kidato cha sita aliyetuongoza alitufundisha kwamba yapo mambo ambayo hayaondoki kwa maombi matupu, yanataka kufunga. Aliyasema kwa nia njema, na simlaumu. Mimi nilimsikia kwa masikio ya mtu anayetafuta dawa. Nilipofika nyumbani likizo ya Aprili niliamua kuacha chakula cha mchana, nisimwambie yeyote, mpaka baba aache pombe.

Juma lile lile watu wa miwa walilipwa. Mama alikuwa ameshatandika shuka kwenye sofa. Baba akarudi saa kumi jioni siku ile ile, macho yake meupe, hajalewa, amebeba nyama imefungwa kwenye gazeti, akauliza kama chai iko. Mama alibaki mlangoni akimtazama kama mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa nikipepeta mahindi uani, nikashusha ungo. Nilijua ni mimi. Hakuna mtu ambaye angeweza kuniondolea wazo hilo.

Kwa hiyo niliendelea, na mchana mmoja ukaleta mwingine, na baadaye si mchana peke yake. Sitaki kueleza yote niliyoyaacha na jinsi nilivyoyaficha, maana mambo hayo hayana fundisho ndani yake. Niseme tu kwamba ilifika mahali nikasikia baridi kwenye jua la adhuhuri, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na hedhi ikakoma. Kanisani mwenyekiti wa akina mama alinishika mkono akaniambia naonekana kama mtu aliyekaa karibu na Mungu. Jirani zetu walisema masomo yananikausha. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na zote zilinifaa.

Siku moja ya likizo ile ya Aprili, kabla hali haijafika huko, wote walikwenda kupalilia miwa michanga upande wa mto. Nilibaki peke yangu kuangalia nyumba. Ilikuwa kama saa tano. Nilifungua debe la sukari nikitaka kuramba kidole kimoja. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka sukari ikinata kwenye vidole hadi kwenye kifundo cha mkono. Nakumbuka kiporo cha ugali, halafu maharagwe ya jioni ambayo mama alikuwa ameyachemsha alfajiri, nikiyala nimesimama, bila chumvi, bila kuyasikia ladha, kama mtu anayefukuzwa. Nilipoacha, tumbo liliniuma. Nikaosha sufuria. Mama aliporudi nikamwambia mbwa wameingia jikoni. Akampiga mbwa wetu kwa fimbo, na mbwa yule akaja kulala miguuni pangu.

Jumapili iliyofuata baba aliletwa juu ya baiskeli, watu wawili wamemshikilia kushoto na kulia.

Msomaji anaweza kuona ninachotaka kusema. Nilikuwa nimekula, na baba alikuwa ameanguka. Nikajihukumu kwamba lazima nifunge zaidi. Nilifunga, kisha nikavunjika tena mbele ya chakula, kisha nikafunga kwa adhabu, na hivyo ndivyo nilivyozunguka mwaka mzima, nyumbani na shuleni, hadi mwalimu mkuu aliponirudisha nyumbani muhula wa pili na barua ya kusema nitibiwe kwanza.

Mama alisoma barua, akanitazama toka kichwani hadi miguuni. Jioni hiyo tulipokuwa tukichambua mboga ya mrenda alinisogelea akaniuliza polepole kama nina mimba. Nilimwambia hapana. Akauliza tena, akiwa hajaniamini, na sauti yake ilivunjika katikati. Kesho yake alinipeleka zahanati.

Muuguzi wa pale tulimwita sista, kama wauguzi wote wanavyoitwa. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mtu wa Likuyani, ambako wazazi wake walipata shamba kwenye ardhi waliyoiacha wazungu na kulima mahindi. Kiluhya chetu kilimpiga chenga, kwa hiyo alisema Kiswahili na kila mtu. Alinipima, akaona sina mimba, akamwomba mama akakae kwenye benchi la nje. Akafunga mlango. Nilidhani ataniuliza habari za wavulana.

"Jana ulikula nini?" akaniuliza.

"Chakula."

"Najua ni chakula. Gani? Na saa ngapi?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nilifungua mdomo nimdanganye, na badala ya uongo yakatoka machozi. Nililia muda mrefu. Hakunibembeleza. Alivuta kiti chake kikawa karibu na changu, akangoja. Nilipomaliza nikamsimulia kuhusu sukari, maharagwe na siku za kufunga. Habari ya baba sikuitaja.

Aliniambia ukweli kwamba dawa ya ugonjwa ule hana na jina lake halijui. Angenipa vidonge vya kuongeza damu, na angenipima kila Ijumaa, na akiona moyo unapiga vibaya au nikizirai, angeniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Kakamega mjini, nitake nisitake. Lakini alisema alipokuwa akisomea uuguzi alilala chumba kimoja na msichana aliyekuwa akila na kujinyima kama mimi, na alimwona akipona, na anakumbuka alivyofanya. Akatoa daftari kwenye droo, akapiga mistari kwa rula. Saa. Nilichokula. Mahali. Nilikuwa na nani. Na mstari wa mwisho, mpana kuliko mingine: nilisikiaje moyoni.

"Andika yote, hata ya aibu," akasema. "Hii daftari haichapi mtu."

Masharti yake yalikuwa machache. Nile mara tatu kwa siku, kwa saa zinazojulikana, nina njaa au sina, na chai katikati. Saa hizo zisichaguliwe na tumbo langu wala na mawazo yangu, maana vyote viwili kwa sasa havisemi ukweli. Nisile nimesimama. Na endapo nitaanguka nile kupita kiasi, mlo unaofuata usirukwe. Sharti hili nililichukia. Nilibishana naye, nikamwambia mtu aliyekula sufuria nzima saa tano hawezi tena kukaa mezani saa saba. Akasema hapo hasa ndipo mlango ulipo, kwamba ninapojinyima kwa adhabu ndipo ninapoanza kupika anguko linalofuata. Sharti la mwisho lilikuwa kwamba mtu mmoja, mbali na yeye, ajue.

Nilimchagua senje.

Senje alikuwa mjane, na katika miaka ile alijipatia riziki kwa kupikia wakataji miwa. Alikuwa na kibanda cha karatasi ya nailoni karibu na mahali trela zilipopakiwa, mafiga matatu, sufuria mbili kubwa kama beseni za kuogea, na mwiko mrefu ambao alisema ni mume wake wa pili. Nilimsimulia tukiwa tumekaa juu ya kuni. Alinisikiliza hadi mwisho bila kushangaa, kisha akasema kesho nije saa tatu nimsaidie kazi, na saa saba tutakula pamoja. Kwa mama alisema tu kwamba amechoka na anataka msaidizi. Mama alikubali, nadhani kwa kuwa hakujua afanye nini nami.

Siku zile za kibandani ndizo ninazozitamani hadi leo. Asubuhi tulipepeta na kuosha maharagwe, tukakata sukuma wiki na kunde, tukachota maji. Mahali fulani ndani ya miwa ulisikia panga zikipiga, wanaume wakiitana. Kufikia saa sita na nusu senje alianza kusonga obusuma, ugali wa kutosha watu ishirini, akizungusha mwiko kwa mikono miwili na kiuno. Kisha king'ora cha kiwanda kililia kwa mbali, na wakataji wakaanza kutoka mmoja mmoja, weusi tititi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, ukiona macho na meno tu. Waliosha mikono hadi kwenye viwiko, wakakaa juu ya majani makavu, wakala.

Sikuwa nimewahi kuona watu wakila vile. Walikula kwa sababu walikuwa na njaa, na walikuwa na njaa kwa sababu walifanya kazi, na wakishashiba waliacha. Hawakufikiria zaidi ya hapo. Walizungumza mambo ya mafahali. Mmoja, mzee wa Malinya aliyekuja kila msimu, alikuwa na mjomba mwenye fahali wa kupigana, na mchana kutwa alitueleza jinsi fahali yule anavyokunja shingo, hadi wenzake wakamwomba awaoneshe ile shingo au anyamaze.

Siku ya kwanza senje aliweka sahani moja kati yetu. Aliumega ugali, akauchovya, akala. Mimi nilikuwa nimekaza meno. Akaacha mkono wake ukae pembeni ya sahani.

"Sitamaliza kabla yako," akasema. "Na vyombo viko vingi vya kuosha, wewe mwenyewe unaviona."

Wakataji walikuwa wanaita maji, na yeye hakuinuka. Nikaona watu wazima wakijichotea maji wenyewe kwa ajili yangu, nikaona aibu, nikamega tonge dogo kama la mtoto. Nilikula matonge matano. Jioni niliandika: saa saba, kibandani, senje, ugali na maharagwe, moyoni nilisikia hofu. Siku ya pili niliandika hofu. Wiki nzima niliandika hofu. Halafu siku moja yule mzee wa Malinya alinitazama nikimega, akasema kwa sauti yake kubwa kwamba huyu msichana anakulanga kama anaibia mtu. Wote wakacheka. Senje alimgeukia na mwiko. Lakini mimi nilijikuta nacheka pia, chakula kikiwa mdomoni, na sikuwa nimecheka tangu likizo ile ya Aprili ya mwaka uliotangulia. Kwenye mstari mpana niliandika: nilicheka. Sista aliposoma Ijumaa alipiga alama ya kalamu nyekundu pembeni, kama mwalimu.

Si kwamba mambo yalinyooka. Saa tano za Jumapili, nyumba ikiwa tupu, debe la sukari lilikuwa likiniita. Sista aliniagiza niandike nyuma ya daftari mambo ya kufanya wakati huo ili ule upepo unipite, kwa sababu, alisema, huwa unapita. Niliandika kufua mtoni, kusuka nywele za mdogo wangu, kutembea hadi kwa senje. La kutembea ndilo lililonisaidia. Niligundua kwamba tamaa ile, nikiibeba barabarani, ilichoka kabla yangu, na mara nyingi nilipofika kwa senje ilikuwa imebaki nusu. Mara nyingine ilinishinda kabla sijafika langoni. Nikala, nikaandika, na mlo uliofuata nikakaa nikala tena, nikilia. Polepole sana, kama vile sista alivyosema, maanguko yale yakaanza kuachana.

Isipokuwa baada ya malipo ya miwa. Baba akirudi amelewa nilifunga kinywa, na hakuna sharti lililonifungua. Niliandika: sikula, baba amelewa. Ijumaa moja sista alifunua kurasa nyuma na mbele, kidole chake kikitembea, kisha akageuza daftari kunielekea. Kila palipoandikwa sikula, baba alikuwapo.

Nikamweleza habari ya nadhiri. Aliweka kalamu chini. Akauliza kama angeweza kumwita baba wazungumze. Nilikataa. Nilimwambia baba akijua atakufa kwa aibu. Hakunisukuma. Ijumaa mbili baadaye aliniambia amehamishwa, anarudi kaskazini karibu na kwao, na mgeni atakayekuja hamjui. Alinipa daftari jipya lisilo na mistari, na rula yake.

"Sasa utapiga mistari mwenyewe," akasema. "Na hilo la baba yako mimi siwezi kukufungulia. Mwenye kujibu ni yeye."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye kwa kuondoka. Nadhani hasira ile ndiyo iliyonipa nguvu. Baba alikuwa ameketi upenuni, akinoa jembe kwa tupa. Nilimpa daftari la kwanza, lililojaa. Nikamwambia ni langu na nataka alisome.

Baba alisoma midomo ikitembea, kwa kuwa aliacha shule darasa la nne. Aliweka tupa chini. Alisoma ukurasa mmoja, akageuza, akasoma mwingine. Kuku walikuja wakachokoa vumbi la chuma miguuni pake. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Nilimwona alipofika kwenye "baba amelewa" ya kwanza, kwa sababu midomo ilisimama. Akaendelea. Alipofika ya tatu au ya nne akauliza, bila kuinua kichwa, kwa nini. Nikamwambia. Nilimwambia habari za mchana niliouacha, na ile nyama kwenye gazeti, na sukari, na baiskeli.

Alifunga daftari akaliweka juu ya goti lake, akalifunika kwa kiganja.

"Mama," akasema. "Siku ile nilileta nyama kwa sababu klabu ya pombe ilikuwa imefungwa, wenye klabu walikuwa na matanga. Na siku ya baiskeli nililewa kwa sababu nilikunywa. Hukuniinua wewe, na hukuniangusha wewe. Ni mimi."

Sikujua kama nimefarijika au nimevunjwa. Mwaka wangu wote wa kufunga ulikuwa umesimama juu ya siku ya nyama, na siku ya nyama ilikuwa tu matanga ya mtu. Nilikaa chini mavumbini, na baba akahamisha miguu yake ili nipate kivuli.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, senje hapiki. Kwetu baba alikula sebuleni peke yake, akipelekewa chakula kwenye sinia lililofunikwa, na sisi tulikula jikoni. Saa saba tukasikia hatua uani. Baba akainama mlangoni, kwa kuwa mlango wa jikoni ulikuwa mfupi, amebeba kigoda chake mwenyewe. Akakiweka kando ya changu, akanyoosha mikono anawe. Mama alishika birika hewani akasahau kumwaga maji.

"Chakula kinapoa njiani," baba akasema.

Hayo ndiyo maelezo pekee aliyompa mtu yeyote, hata binamu zake walipokuja kumtania kwamba siku hizi analiwa na moshi wa wanawake. Alikula jikoni mchana ule na michana iliyofuata, kila alipokuwa nyumbani. Hakunitazama nikila. Alisimulia habari za mvua na mbolea, na sahani yake ilipokwisha alingoja yangu.

Sitasema aliacha pombe, kwa sababu hakuacha, si wakati ule. Alipunguza, akarudia, akapunguza tena. Na hapo ndipo nilipolazimika kupona kwa miguu yangu mwenyewe. Mwezi wa kumi alirudi tena akiimba, jua bado liko juu. Mama alimvua viatu. Mimi nilikwenda jikoni, nikapakua, nikaketi. Mdogo wangu aliketi karibu nami bila kuelewa kwa nini natokwa na jasho. Nilimaliza sahani. Kisha nikachukua rula ya sista, nikapiga mstari, nikaandika: nimekula, baba amelewa. Niliyatazama maneno yale mawili yamekaa bega kwa bega, moja halivuti jingine, na kifua changu kikashuka kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu.

Januari nilirudi shuleni nikarudia kidato cha tatu. Nilimweleza matroni, naye akaniruhusu nikae meza moja naye. Kabla ya mtihani wa mwisho niliteleza tena, wiki kadhaa, nikarudi kwenye daftari. Kwa jumla ilinichukua kama miaka mitatu kufikia siku nilipogundua kwamba nimekula mchana nikasahau kuandika. Nilipomaliza nikaenda chuo cha ualimu, na miwa ya baba ndiyo iliyonisomesha.

Nimefundisha wasichana maisha yangu yote. Miaka mingi baadaye alinijia mmoja wa kidato cha pili, mikono yake baridi kama ya chura, akisema hana shida yoyote ila usingizi. Nilimuuliza jana alikula nini. Sikumpa daftari siku hiyo. Nilimpeleka hospitali kwanza, kwa kuwa siku hizi wapo wanaoyajua mambo hayo kuliko mimi, na daktari wa pale ndiye aliyenitajia jina la ugonjwa, akaniambia hata daftari na saa za kula na mtu wa kula naye ni mambo yanayoandikwa vitabuni. Nilimwambia mimi nilifundishwa na muuguzi wa zahanati aliyekuwa hajui jina. Wakati msichana yule akiendelea kutibiwa, alikula nyumbani kwangu kila siku ya shule saa saba hadi alipomaliza muhula, na mara nyingi hatukuzungumza chochote ila masomo.

Likizo iliyofuata nilimtembelea senje. Alikuwa mzee, hapiki tena, wakataji walikuwa wamepungua na mashamba mengine yamerudi kuwa mahindi. Tulikumbushana wale wanaume na masizi yao, na mzee wa Malinya na shingo ya fahali, tukacheka hadi akajipangusa macho kwa leso. Nikamwambia ule ugonjwa wangu una jina, nikamtajia. Alijaribu kulitamka mara mbili likamshinda. Akauliza kama wenye jina hilo hupona. Nikamwambia wengi hupona, wakisaidiwa.

"Basi vizuri," akasema, akaniomba nimsogezee ungo achambue njugu zake, kwa sababu jua lilikuwa linaondoka.